Mfuko wa kulalia Kilimanjaro: Someni lebo, si unene

Zanzibar. Si rahisi kwa mkazi wa Mji Mkongwe, aliyezoea kulala na feni, kuukadiria usiku wa kambi ya Barafu, iliyo juu ya mita 4,600 katika Mlima Kilimanjaro. Huko joto hushuka chini ya nyuzi sifuri, na jina la kambi si la mapambo.

Mfuko wa kulalia haupashi joto. Huzuia tu joto la mwili lisipotee. Lebo inayofuata kiwango cha ISO 23537 huonyesha nyuzi za starehe na nyuzi za kikomo, ambazo mlalaji huzimudu akiwa amejikunja. Mtu wa pwani afuate za starehe.

Mfuko wa manyoya ya bata ni mwepesi, jambo la maana kwa kuwa mzigo wa mpagazi umewekewa ukomo wa kilo 20. Ukilowa, hata hivyo, hupoteza joto. Wa nyuzi za viwandani huvumilia zaidi, ingawa ni mzito. Chini litandikwe godoro jembamba, kwani manyoya yaliyolaliwa hayakingi baridi ya ardhi.

Anayepanda mara moja tu anaweza kukodi Moshi au Arusha, akikagua zipu kwanza. Aliyenunua, akirudi Unguja auanike ukauke, asiuhifadhi ukiwa umebanwa: unyevu wa kisiwani huleta ukungu.