Jina la babu halinunuliwi angani

Je, jina la marehemu linaweza kuandikwa angani? Swali hili niliulizwa na mama mmoja anayeuza viazi katika soko la Gakoromone, mjini Meru. Kutoka chini ya meza yake alitoa karatasi ngumu yenye muhuri wa rangi ya dhahabu, aliyokuwa ameikunja ndani ya leso. Karatasi ilieleza kwamba jina la marehemu babake sasa ni jina la jiwe moja linalozunguka Jua. Mwanawe aliye ng'ambo ndiye aliyeinunua, kwa pesa ambazo zingetosha magunia mawili ya viazi.

"Mwanangu, wewe umesoma," akaniambia. "Hili ni jambo la kweli ama kijana wangu ameuziwa hewa?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Nilimwomba anipe wiki moja nitafute ukweli. Haya ndiyo niliyoyapata, na huenda yakamfaa msomaji mwingine ambaye amewahi kuonyeshwa karatasi kama ile.

Asteroidi ni miamba inayozunguka Jua kama sayari zinavyofanya, ila ni midogo mno. Mingi iko kati ya Mirihi na Mshtarii. Ya kwanza ilionekana tarehe 1 Januari 1801 na Giuseppe Piazzi, padri aliyekuwa akitazama nyota mjini Palermo, Italia. Akaiita Ceres, jina la mungu wa kike wa nafaka katika hadithi za kale za Warumi. Zilizofuata zikaitwa Pallas, Juno na Vesta, nazo pia ni miungu ya kike ya kale. Lakini miamba ilizidi kuonekana hata majina ya miungu yakapungukiwa, na wataalamu wakageukia watu, miji, mito na nchi.

Hapo ndipo sisi tunapoingia. Katika kituo cha kutazamia nyota cha Johannesburg, Afrika Kusini, alifanya kazi Mwingereza aitwaye Cyril Jackson. Mtu huyu aligundua asteroidi 72, na nyingi alizipa majina ya Afrika. Mwaka 1933 aligundua ile ambayo leo ni nambari 1278, jina lake Kenya. Jirani yake katika orodha, nambari 1279, ni Uganda. Mwaka 1935 ikapatikana Nyanza, na mwaka 1937 zikafuata Ruvuma, Mombasa, Pemba, Somalia na Ethiopia. Tanga nayo imo, nambari 1595.

Naam, Kenya iko angani! Lakini hebu tazama safari ya jina lenyewe. Mwaka 1849 mmishonari Johann Ludwig Krapf aliuona mlima mrefu wenye theluji akiwa Ukambani, akaandika jina lake jinsi alivyolisikia kwa Wakamba. Mwaka 1920 Waingereza wakaipa koloni nzima jina hilo la mlima. Miaka 13 baadaye mtu wa Johannesburg akaupata mwamba ambao ulikuja kuitwa kwa jina la koloni. Mlima ni huu huu unaoonekana kutoka Meru asubuhi mawingu yakitoka, nao Wameru wanauita Kirimaara. Hakuna aliyewauliza. Jina lililopanda angani ni la yule aliyekuwa na kalamu na darubini.

Siku hizi mambo yana utaratibu. Asteroidi ikionekana mara ya kwanza hupewa alama ya muda, yenye mwaka na herufi zinazoonyesha ni nusu ipi ya mwezi upi. Baada ya kutazamwa kwa muda mrefu na njia yake kujulikana barabara, hupewa nambari ya kudumu. Ndipo aliyeigundua anaporuhusiwa kupendekeza jina, naye ana miaka 10 ya kufanya hivyo. Kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia hulichunguza, kisha hulikubali au hulikataa.

Masharti si machache. Jina lisizidi herufi 16. Liweze kutamkika katika lugha fulani. Lisimtusi mtu, wala lisifanane mno na jina lililokwisha kutolewa. Mwanasiasa au mwanajeshi hapewi mpaka miaka 100 ipite tangu afariki. Majina ya biashara hayakubaliwi kamwe. Hata wanyama wa nyumbani hawapendelewi, kwani kuna bwana mmoja aliyeupa mwamba jina la paka wake, Mr. Spock, na wenzake wakalalamika.

Je, bei ni ngapi? Hakuna bei. Umoja huo hauuzi jina lolote, wala haujampa mtu ruhusa ya kuuza. Anayekuuzia jina la nyota au la asteroidi anakuuzia karatasi tu.

Kuna njia moja ambayo haihitaji darubini. Jiwe likitoka angani na kutua ardhini, yaani kimondo, huitwa kwa jina la mahali kilipoangukia. Kilichoanguka Thika mwaka 2011 kinaitwa Thika. Kilichomwagika Mbale, Uganda, mwaka 1992 kinaitwa Mbale. Na katika orodha hiyo hiyo ya dunia kimo kimondo kilichoanguka Kenya mwaka 1945. Jina lake ni Meru.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Gakoromone. Nilimweleza mama yote, nikiogopa kumvunja moyo. Alisikiliza huku akimpimia mteja viazi, kisha akacheka kidogo.

"Basi nisimwambie kijana," akasema. "Alinunua kwa mapenzi." Halafu akamwita mvulana wa kidato cha pili aliyekuwa akipanga debe nyuma yake. "Huyu ndiye aliyepewa jina la babangu. Huyu hakununuliwa."

Mvulana alikuwa amesikia mazungumzo yetu. Akataka kujua kama ni lazima mtu awe na darubini yake. Nikamwambia kwamba siku hizi kuna miradi inayowapa wanafunzi wa nchi mbalimbali picha za anga kupitia kompyuta, wakatafuta nukta inayosogea kati ya nyota zilizotulia. Wapo waliopata asteroidi mpya kwa njia hiyo, ingawa kutoka nukta hadi jina ni miaka mingi.

"Miaka mingapi?" akauliza.

Mara nyingi ni miaka kadhaa, nikamjibu. Akahesabu kwa vidole, kisha akaulizia jina la mradi. Nililiandika nyuma ya ile karatasi yenye muhuri wa dhahabu, kwa idhini ya mamake.