Hati za mgodi huja kwa PDF: Programu ipi ya tableti inamfaa msomaji wa Piana-Mwanga?

Piana-Mwanga, kando ya mto Luvua katika jimbo la Tanganyika, inajulikana kwa mtambo wake wa umeme wa maji. Ulijengwa miaka ya 1930 na kampuni ya Géomines ili kuupa nguvu mgodi wa bati wa Manono. Mashine zake zilinyamaza miaka mingi iliyopita, lakini jina la Piana-Mwanga limerudi mezani, kwa sababu mipango ya kuchimba litiamu huko Manono imekuwa ikienda sambamba na mipango ya kuufufua mtambo huo.

Siku hizi mipango hiyo haiji kwa karatasi. Huja kwa faili za PDF: tafiti za athari kwa mazingira, ramani, rasimu za makubaliano, barua kutoka ofisi za Kalemie, maandishi ya sheria kutoka Kinshasa. Faili inaingia kwa WhatsApp kwenye simu ya mwalimu, ya katibu wa kikundi cha vijana au ya mwanachama wa shirika la kiraia. Mtu anaifungua, anaipandisha kwa kidole hadi ukurasa wa kumi, kisha anachoka. Siku ya mkutano anakumbuka kwamba aliona mahali fulani habari ya maji ya mto, ila hajui tena ni ukurasa wa ngapi.

Ndiyo maana swali linaloonekana kuwa la watu wa mjini, yaani programu gani ya tableti inafaa kusomea PDF, kuipigia mistari na kuandika maoni pembeni, lina uzito wake huku. Na jibu lake si lile la Nairobi wala la Ulaya, kwa sababu hapa kwanza mtu anauliza habari ya umeme na mtandao.

Kinachopiganiwa kiko ndani ya hati

Sheria ya migodi ya Congo, iliyorekebishwa kwa Sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, inazipa jamii zinazoathiriwa na uchimbaji haki zinazohesabika. Kampuni inayochimba inatakiwa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya jamii. Katika mrabaha wa madini, asilimia 15 ni ya chefferie, sekta au mji ambako uchimbaji unafanyika, zile zinazoitwa ETD. Asilimia 25 huenda kwa jimbo, 50 kwa serikali kuu, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo kuna cahier des charges, hati ambayo kampuni na jamii husaini, inayotaja shule, visima, barabara au vituo vya afya vitakavyojengwa na ni lini.

Haki hizo zote zimeandikwa kwa Kifaransa cha kisheria, ndani ya hati ndefu. Mtu anayeisoma na kuandika pembeni kwa Kiswahili, «hapa wanasema kisima kimoja, kule mwanzo walisema vitatu», anaingia mkutanoni na silaha. Akiambiwa kwamba jambo fulani lilishakubaliwa, anaweza kuuliza: ukurasa wa ngapi? Asiye na maandishi hayo anabaki kutegemea kumbukumbu ya yule aliyeiandika hati.

Kuandika juu ya hati, na kuibadilisha hati

Kabla ya kuchagua programu, ni lazima kutenganisha kazi mbili ambazo matangazo huzichanganya.

Kazi ya kwanza ni kuweka alama: kupaka sentensi rangi ya njano, kupigia mstari, kuandika maoni pembeni, kuchora duara kwenye ramani. Hapo maneno ya asili hayaguswi. PDF, muundo ulioanzishwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 na kufanywa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2008, ina nafasi maalumu ya maoni hayo. Yanakaa juu ya ukurasa kama karatasi nyembamba iliyowekwa juu ya nyingine, na yanaweza kufutwa bila kuuharibu ukurasa.

Kazi ya pili ni kuhariri: kubadilisha maneno yenyewe, kuondoa kurasa, kusogeza picha. PDF haikutengenezwa kwa kazi hiyo, ndiyo maana programu nyingi huilipisha. Kwa mtu anayekagua rasimu iliyotoka kwa kampuni au serikali, kuhariri hakumsaidii. Kunaweza hata kumdhuru, kwa sababu anaweza kuambiwa amegeuza maneno ya hati. Anachohitaji ni maoni yanayoonekana wazi kuwa ni yake, juu ya hati ambayo haikuguswa.

Kwa hiyo ukiona programu inadai malipo ya kila mwezi ili uweze kuhariri, jiulize kwanza kama kweli hiyo ndiyo kazi yako. Kwa wasomaji wengi wa hati, sehemu ya bure inatosha.

Zilizopo sokoni

Kwenye tableti za Android, Adobe Acrobat Reader ndiyo inayojulikana zaidi. Bila kulipa unaweza kupaka rangi, kupigia mstari, kuandika maoni, kuchora kwa kidole na kujaza fomu. Kuhariri maneno na kuunganisha faili kunalipiwa. Kuna jambo la kukumbuka: ile namna yake ya kuyapanga upya maandishi ili yasomeke kwenye kioo kidogo, inayoitwa Liquid Mode, inahitaji intaneti. Usiitegemee ukiwa porini.

Xodo ilipendwa na wanafunzi wengi kwa sababu kwa miaka mingi ilitoa karibu kila kitu bure. Siku hizi baadhi ya kazi zake zinalipiwa, lakini kuweka alama za kawaida bado ni kazi inayoifanya vizuri. Foxit inafuata njia hiyohiyo: alama bure, kazi kubwa kwa malipo. WPS Office ina faida ya kufungua pia faili za Word na Excel, jambo zuri kwa tableti yenye nafasi ndogo, ila toleo la bure lina matangazo na baadhi ya kazi za PDF zimefungwa.

Mwenye iPad hana haja ya kuanza kwa kupakua. Kifaa hicho kina zana zake za kuchora na kuandika juu ya PDF, na zinafanya kazi bila mtandao.

Halafu kuna kundi la madaftari ya kidijitali, kama Samsung Notes, Goodnotes na Notability. Kuandika kwa kalamu ndani yake kunapendeza, karibu kama kwenye karatasi. Lakini hapa ndipo wengi hunaswa. Programu hizi huichukua PDF na kuiweka ndani ya daftari lake zenyewe. Maoni yako yanabaki humo mpaka uitoe tena kama PDF. Ukituma ile faili ya mwanzo, mwenzako ataiona tupu.

Maswali manne kabla ya kupakua

La kwanza: inafanya kazi bila mtandao? Baadhi ya programu huipeleka faili kwenye kompyuta za kampuni zao, huifanyia kazi huko na kuirudisha. Mahali ambapo mtandao huja na kupotea, hiyo ni kama kumiliki pikipiki bila mafuta. Zaidi ya hapo, rasimu ya makubaliano ambayo bado ni ya siri inakuwa imetoka mikononi mwenu.

La pili: maoni yanahifadhiwa ndani ya faili yenyewe? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Hati ya jamii hupita mikono mingi: chifu, mwalimu, mwakilishi wa akina mama, mwanasheria aliye Kalemie au Lubumbashi. Kila mmoja ana kifaa chake na programu yake. Maoni yakihifadhiwa kwa kiwango cha PDF, wote watayaona. Yakihifadhiwa kwa namna ya programu moja tu, yanakufa siku tableti inapoanguka majini.

La tatu: inalemea tableti? Hati iliyopigwa picha kwa skana inaweza kuwa nzito sana, na kifaa chenye kumbukumbu ndogo hukwama kila unapogeuza ukurasa. Vilevile, ukurasa wa namna hiyo ni picha tu. Programu haioni maneno ndani yake, kwa hiyo huwezi kutafuta neno wala kupaka sentensi rangi. Hapo utahitaji kalamu ya kuchora kwa mkono. Kalamu ya bei ndogo yenye ncha ya mpira inatosha.

La nne: nani aliyeitengeneza, na anapata faida vipi? Mwezi Agosti 2019, watafiti wa kampuni ya usalama ya Kaspersky waligundua kwamba CamScanner, programu ya kupiga picha hati iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 100 kwenye Android, ilikuwa na sehemu hasidi ndani ya mfumo wake wa matangazo. Google iliiondoa dukani, na baadaye ikarejea baada ya kusafishwa. Basi ikiwa programu maarufu kiasi hicho ilipatwa, ile inayozunguka kutoka simu hadi simu kama faili ya APK bila kujulikana imetoka wapi inastahili kuogopwa zaidi.

Wino mweusi usioficha kitu

Kuna kosa moja ambalo gharama yake ni kubwa kuliko megabaiti zote. Orodha za familia zitakazohamishwa, za mashamba yatakayofunikwa na maji au za watu waliotoa malalamiko huwa na majina. Mtu anayetaka kuituma orodha kwa wengine huchora mstari mweusi juu ya majina na kudhani ameyaficha.

Hajayaficha. Kama tulivyoona, mchoro unakaa juu ya maneno tu, na maneno yenyewe bado yako chini yake. Anayejua atayachagua kwa kidole, atayanakili na kuyabandika mahali pengine, na yote yatasomeka. Hata mawakili wakubwa wamefanya hivyo. Mwezi Januari 2019 nchini Marekani, mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump, waliwasilisha mahakamani hati yenye mistari myeusi. Waandishi wa habari walinakili yaliyokuwa chini yake na kuyachapisha siku hiyohiyo.

Njia rahisi na salama kwa asiye na programu ya kulipia ni hii: funika majina, piga picha ya kioo, kisha tuma picha hiyo badala ya PDF. Hakikisha rangi ni nyeusi kabisa, si ile ya kupakia inayopitisha mwanga. Kumbuka pia kwamba programu nyingi huandika jina lako kwenye kila maoni unayoweka. Kama maoni ni ya kikundi, nenda kwenye mipangilio uweke jina la kikundi.

Kuhusu saini, Congo ina Kanuni ya Kidijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, na inatambua maandishi na saini za kielektroniki. Lakini saini ya kielektroniki inayolindwa na sheria si sawa na mchoro wa kidole juu ya PDF. Hati inayoifunga jamii isisainiwe kwa kidole kwenye tableti ya mgeni kwa sababu tu kitufe kipo.

Jaribio la dakika kumi

Badala ya kuamini nyota za dukani, ifanyie programu jaribio mahali penye mtandao, kabla ya kurudi kijijini. Weka kifaa katika hali ya ndege, ili kisiwe na mawasiliano yoyote. Fungua hati ndefu kuliko zote ulizo nazo. Paka sentensi moja rangi, andika maoni mafupi, chora duara. Hifadhi, funga programu kabisa, kisha ifungue tena. Kama alama zimepotea, au imeanza kukuomba uingie kwa barua pepe, ifute.

Kama zipo, washa Bluetooth na uitume faili kwenye simu ya mwenzako anayetumia programu nyingine. Aifungue. Akiyaona maoni yako na kuweza kuongeza yake, umepata chombo. Mkija kutumia WhatsApp, itumeni kama hati, si kama picha, la sivyo maoni yatabaki kuwa rangi tu zisizobonyezeka.

Mwisho, jiwekeeni desturi mbili. Nakala ya asili isiguswe kamwe: ihifadhini kwenye kadi ya kumbukumbu na kwa mtu wa pili. Na kila nakala yenye maoni ipewe jina lenye tarehe, ili rasimu ya Machi isichanganywe na ya Juni. Kampuni na ofisi hubadilisha rasimu mara nyingi, na mara nyingine kinachobadilika ni tarakimu moja tu. Mwenye nakala mbili zenye tarehe ataiona. Kazi hiyo inahitaji tableti moja iliyochajiwa kwa sola, programu ya bure iliyopita jaribio, na mtu mwenye subira ya kusoma hadi ukurasa wa mwisho.