Mbu Katika Chupa: Somo la Awali Kurasini

Kila chati ya mzunguko wa maisha niliyowahi kuibandika ukutani ina kipepeo. Yai, kiwavi, pupa, kipepeo, mishale minne, basi. Inapendeza, lakini watoto wangu wa darasa la awali hapa Kurasini wamekulia katikati ya yadi za makontena, matangi ya mafuta na malori ya bandarini. Kiwavi wa kumfuatilia mpaka aote mabawa watampata wapi? Mbu ndiye wa kwetu. Masika yakishakolea, Machi hadi Mei, wala huhangaiki kumtafuta: yumo kwenye tairi bovu, kwenye kifuu, kwenye mtaro ulioziba kwa taka, kwenye ndoo ya uani.

Basi nafundisha kwa mbu. Nachota maji ya dimbwi, natia kwenye chupa ya plastiki niliyoikata shingo, juu nafunika kipande cha neti kuukuu na kukikaza kwa rababendi. Chupa inakaa mezani, na kwa watoto wa miaka mitano hapo mwanzoni sisemi sana. Nawaacha wakodoe macho.

Mayai hayawasisimui. Mbu wa Kuleksi, yule wa makaro na maji machafu, hutaga mamia yakashikana na kuelea pamoja. Wa Anofelesi hutaga moja moja. Siku mbili tatu zikipita, viluwiluwi hivyo! “Madam, wanacheza singeli!” Na kweli, ukivitazama vinavyojinyonganyonga, singeli tupu.

Hapo ndipo nawaambia wapitishe mkono juu ya chupa, bila kugusa. Kivuli kikipita tu, viluwiluwi vyote vinazama. Tunasubiri. Kimoja kimoja vinarudi juu, maana vinavuta hewa ya huku kwetu. Cha Kuleksi huning'inia kichwa chini, mkia juu, kwa kuwa mkiani kina kimrija cha kupumulia. Cha Anofelesi hakina kimrija hicho, hivyo hulala sambamba kabisa na uso wa maji. Wanangu wanawaita “wa kichwa chini” na “wa kulala”, na nikiwauliza yupi anaeneza malaria wananijibu bila kusita: wa kulala akikua. Wazazi wao wengi hawajui hilo.

Kazi ya kiluwiluwi ni kula. Anakula, anajivua ngozi, anakula tena. Akijivua mara ya nne anakuwa pupa, na kwa joto letu la Dar safari hiyo huchukua kama wiki moja. Pupa wa mbu si wa kukaa kimya kama wa kipepeo: amejikunja, kichwa kikubwa, ukimshtua anapiga pindu kwenda chini. Ila hali kitu. Kwenye siku ya pili hivi mgongo unapasuka, mbu anajisukuma nje polepole, kisha anasimama juu ya ganda lake mwenyewe linaloelea mpaka mabawa yakauke. Kwa kawaida madume ndio hutangulia, wenye papasi za manyoyamanyoya, nao hawaumi mtu. Chakula chao ni utamu wa maua. Jike naye hunywa huo utamu, lakini bila damu mayai yake mengi hayakomai. Watoto husikitika kidogo kusikia kwamba mbu anawauma kwa ajili ya wanawe. Walitaka awe mbaya tu.

Neno ninalolikazia ni “kula”, kwa sababu lina historia katika kata hii. Mpango wa kudhibiti malaria mijini ulianzishwa Dar es Salaam mwaka 2004, na Machi 2006 Kurasini, Buguruni na Mikocheni zikawa kata tatu za mwanzo kuwekewa dawa ya kuua viluwiluwi. Dawa yenyewe ni bakteria: kiluwiluwi akiimeza pamoja na chakula chake, utumbo unaharibika. Wakazi walioajiriwa walipita mtaa kwa mtaa wakikagua madimbwi, mitaro na matuta ya bustani, na yale ya wazi waliyarudia kila wiki. Kwa nini kila wiki? Mtoto aliyeikodolea chupa anajibu mwenyewe. Ukichelewa, kiluwiluwi ameshakuwa pupa, na pupa asiyekula utamlishaje dawa? Chati yenye mishale ya urefu mmoja haikuoneshi kitu hicho. Mwaka 2015 Kibaha kukafunguliwa kiwanda cha kutengeneza dawa za aina hiyo humu humu nchini.

Mbu wa Aedesi, mwenye madoa meupe miguuni, aliyetusumbua kwa homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, namwacha mwisho. Huyu hutaga kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai yake huweza kukaa makavu kwa miezi, yakisubiri maji yapande.

Baada ya somo hilo mama mmoja wa Mivinjeni alinijia juu: mwanawe kamwaga maji yote ya nyumbani, na siku hiyo bombani hayatoki. “Mwalimu, unawafundisha nini hawa?” Nikampa pole, tukamwita mtoto. Tukakubaliana watatu kwamba maji hayamwagwi, yanafunikwa. Na ndoo ikiisha, kabla ya kujazwa tena, inasuguliwa ndani mpaka ukingoni. Kusugua akapewa yeye.