New York hadi Nairobi: kilomita ngapi, saa ngapi?

Likizo ya Desemba ikikaribia, watoto huuliza: kwa bibi ni mbali kiasi gani? Kutoka uwanja wa ndege wa JFK, New York, hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ni kama kilomita 11,840 kwa njia iliyo fupi kuliko zote.

Njia hiyo haionekani vizuri kwenye ramani ya ukutani. Chukueni tufe la dunia na kipande cha uzi, muukaze kati ya miji hiyo miwili. Mtaona uzi unavuka Atlantiki, unaingia Afrika kwa upande wa Moroko, unakatiza Sahara, unapita Chadi na Sudan Kusini, ndipo unafika Kenya. Rubani haufuati uzi huo sawasawa. Hupinda kukwepa dhoruba au kutafuta upepo mzuri.

Na upepo si jambo dogo. Kenya Airways ilipoanza safari za moja kwa moja kati ya miji hii, tarehe 28 Oktoba 2018, safari ya kuja New York ilihesabiwa saa 15 hivi, na ya kwenda Nairobi saa 14 hivi. Mbona njia ni ileile? Huko juu, kilomita kumi hivi kutoka ardhini, katika sehemu za kaskazini kama hizi zetu, upepo wa kasi huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda Nairobi unakusukuma mgongoni. Ukirudi unakukabili usoni. Gawanyeni wenyewe: 11,840 kwa 14 ni karibu kilomita 846 kwa saa, na kwa 15 ni kama 789. (Wanaopitia Amsterdam, Doha au Dubai waongeze na muda wa kusubiri, ambao ndio unaochosha kuliko kuruka.)

Sasa sehemu inayowasumbua hata wazazi: bibi aje uwanjani saa ngapi?

Tuseme tiketi inasema ndege itaondoka Ijumaa 13:00, yaani saa saba mchana. Desemba, Nairobi iko mbele yetu kwa saa 8, kwa hiyo kule ni saa tatu usiku. (Kiangazi tofauti ni saa 7, kwa sababu Marekani husogeza saa zake na Kenya haisogezi. Karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, hakuna haja.) Ongeza saa 14 za kuruka: kuanzia saa tatu usiku mnafika saa tano asubuhi, Jumamosi. Tiketi itaandika 11:00.

Hapo ndipo penye mtego. Mtoto aliyezoea saa za Kiingereza anasoma 11 na kumwambia bibi kwenye simu, "Tutafika saa kumi na moja asubuhi." Bibi anaelewa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijachomoza, naye atatoka nyumbani usiku wa manane na kukaa kwenye baridi ya Nairobi saa sita nzima. Bibi wa namna hiyo hakosi kuja, jueni hilo.

Kwa hiyo kabla ya kupiga simu, toa au ongeza sita, na mtajie siku pia: "Bibi, ni saa tano asubuhi, Jumamosi." Kisha mwongezee kama saa moja ya foleni ya pasipoti na kusubiri mizigo.