Nguvu Zinazovutana Katika Gitaa la Umeme

Jiji la Arusha liko chini ya Mlima Meru, mlima wenye kimo cha meta 4,566. Jiji lenyewe liko karibu meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo usiku wa Juni na Julai huwa wa baridi. Mwaka 1970 ndugu watatu kutoka Tanga, Wilson, George na William Kinyonga, waliunda bendi hapa Arusha, ikaitwa Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walihamia Mombasa, Kenya, ambako bendi yao ilijulikana kwa jina la Simba Wanyika. Muziki wa dansi wa namna hiyo hutegemea magitaa yanayojibizana: la solo, la rithimu na la besi. Gitaa moja likipotoka sauti, ukumbi mzima husikia.

Je, gitaa hupotokaje sauti? Umekwisha kujifunza kwamba sauti hutokana na mtetemo. Uzi wa gitaa ukikazwa, hutetemeka upesi zaidi na sauti yake huwa nyembamba. Ukilegezwa, hutetemeka polepole na sauti huwa nzito. Katika gitaa la nyuzi sita, uzi mnene kuliko zote hutetemeka kama mara 82 kwa sekunde, na ule mwembamba kuliko zote kama mara 330. Mpigaji hupata sauti hizo kwa kuzungusha vigingi vilivyo kwenye kichwa cha gitaa.

Nyuzi za gitaa la umeme ni za chuma. Chuma kikipoa husinyaa, na kikipata joto hutanuka. Gitaa lililotoka nje kwenye baridi likapatanishwa papo hapo, nyuzi zake zitalegea ukumbi ukijaa watu na kupata joto. Ni afadhali gitaa likae ukumbini kwanza, kisha lipatanishwe.

Yako magitaa yenye tabu zaidi. Mwaka 1954 kampuni ya Fender ya Marekani ilitoa gitaa liitwalo Stratocaster. Daraja lake, yaani kipande cha chuma kinachoshikilia nyuzi upande wa tumboni, laweza kuinama. Daraja hilo lina mkono mwembamba wa chuma. Mpigaji akiubonyeza mkono huo, daraja huinama mbele, nyuzi hulegea na sauti huteremka. Akiuachia, springi zilizofichwa mgongoni mwa gitaa hulirudisha daraja mahali pake.

Fikiri mchezo wa kuvuta kamba. Timu mbili zenye nguvu sawa zikivutana, kamba haiendi huku wala huko. Hapa nyuzi sita ni timu moja, na springi ni timu ya pili. Nyuzi kwa jumla huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa mfuko wa saruji, na springi hazina budi kulingana nazo.

Sasa tazama. Ukilegeza uzi mmoja, timu ya nyuzi hupungukiwa nguvu. Springi hulivuta daraja nyuma, na nyuzi tano nyingine hukazika ingawa hakuna aliyezigusa! Ukikaza uzi mmoja, daraja huvutwa mbele na nyuzi nyingine hulegea. Ndiyo maana mpigaji akimaliza uzi wa sita hukuta ule wa kwanza umekwisha kupotoka. Haifai kukasirika na kuzungusha vigingi kwa nguvu. Hurudia nyuzi zote tangu mwanzo, na kila mara makosa huwa madogo zaidi, mpaka nguvu zilingane.

Uzi ukikatika katikati ya wimbo ni shida kubwa, kwani zile tano zilizobaki hupanda sauti mara moja. Kwa hiyo wapigaji wengine hukaza springi hadi daraja lilale juu ya mbao. Mkono bado huteremsha sauti, bali hauwezi tena kuipandisha. Kwa bendi inayopiga usiku kucha, hasara hiyo ni ndogo.

Msuguano nao huleta taabu. Uzi ukinasa katika mfereji wake karibu na kichwa, haurudi sawasawa baada ya mkono kuachiwa. Dawa yake ni unga wa risasi ya penseli, unaopakwa mferejini. Ijapokuwa twaiita risasi, kitu hicho ni grafaiti, nayo hutelezesha.

Jaribio: Chukua ubao, misumari mitano, nyuzi tatu za nailoni zenye urefu sawa, kijiti na vipande viwili vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Pigilia misumari mitatu upande mmoja wa ubao na miwili upande wa pili. Laza kijiti katikati, usikipigilie. Kifunge kwa nyuzi upande wa misumari mitatu, na kwa mipira iliyovutika upande wa misumari miwili. Bonyeza kila uzi kwa kidole uone ulivyokazika. Kisha fungua uzi wa kati, ubonyeze tena zile mbili za pembeni. Je, zimekuwaje? Mwishowe kata uzi mmoja wa pembeni. Kijiti kimeelekea wapi, na kwa nini?