Je, Wajua? Manesi wa Ziwa Tanganyika na Wenza Wao

Je, wajua kwamba kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika mshenga mkubwa wa manesi ni barua ya kupangiwa kituo? Binti amemaliza stashahada ya uuguzi na ukunga, ajira zimetoka, jina lake limeangukia zahanati ya kijiji huko kusini mwa Wilaya ya Uvinza. Anashuka botini na godoro, ndoo na begi, na kabla hajafungua mlango wa nyumba ya mtumishi kijiji kizima kimeshajua kuwa sista mpya amefika. Watu wenye mshahara wa serikali pale wanahesabika: walimu, mtendaji wa kijiji, bwana shamba, ofisa uvuvi, pengine askari. Hao ndio atakaosafiri nao kwenda Kigoma mjini kwa mambo ya benki na semina, na safari ya boti ni ndefu ya kutosha kumjua mtu. Ndoa za nesi na mwalimu nyingi huanzia hapo.

Je, wajua kwamba nesi si lazima awe mwanamke? Wapo wanaume kibao wodini na kwenye zahanati za vijijini, na akina mama wa ziwani wameshazoea kuhudumiwa na "kaka nesi". Mke wake naye huwa mwalimu, mfanyabiashara wa dagaa, au nesi mwenzake aliyesoma naye chuo kimoja, kama kile cha Kabanga kule Kasulu.

Je, wajua kwamba meli ya MV Liemba iliwabeba watumishi wa afya kwa vizazi? Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Vijiji vingi havikuwa na gati, hivyo meli ilisimama majini na mitumbwi ikaifuata kuchukua abiria. Mei 2015 ndiyo iliyokwenda Kagunga, mpakani mwa Burundi, kuwachukua wakimbizi waliokuwa wamejazana ufukweni huku kipindupindu kimezuka. Wauguzi waliokuwa kazini siku zile hawakurudi nyumbani kwa saa walizozoea, na wenza wao walilea watoto peke yao. Watu hao wa nyumbani hawatajwi popote, nami naona walistahili shukrani.

Je, wajua kwamba nesi na mvuvi wana kitu kimoja ambacho nesi na mwalimu hawana? Wote wawili hufanya kazi usiku. Mitumbwi inatoka Katonga na Kibirizi jua likizama, taa zinawashwa katikati ya ziwa kuvuta dagaa, na wavuvi wanarudi alfajiri. Nesi wa zamu ya usiku pale Hospitali ya Maweni anatoka wodini asubuhi akishakabidhi wagonjwa. Wakipangika vizuri wanalala wote mchana, pazia limefungwa, watoto wako shule. Wasipopangika, ufunguo unaachwa kwa jirani, na mezani kuna beseni la dagaa lililofunikwa sinia, na chupa ya mawese pembeni, mwenye zamu ajipikie akiamka.

Anayewapangia ratiba hasa ni mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali, mwanga wa taa haushindani nayo, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi hukaa nchi kavu kwa siku kadhaa. Nesi aliyeolewa na mvuvi hutazama angani kabla hajaomba mapumziko, na matroni mwelewa akipanga zamu hamuulizi kwa nini anataka tarehe zilezile kila mwezi.

Je, wajua kwamba mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipewa likizo? Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi ulisimamishwa ili samaki wazaliane, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Kwa miezi mitatu mvuvi aliyeoa nesi alikuwa nyumbani kila usiku, na mshahara wa nesi ndio ulionunua unga wa muhogo.

Je, wajua kwamba mwenza wa nesi wa kijijini naye huwa mtumishi wa afya bila kuajiriwa? Uchungu wa mama mjamzito ukigoma saa nane usiku na barabara hakuna, boti ndiyo gari la wagonjwa. Mume mwenye injini ya boti, au mwenye rafiki mwenye injini, ndiye anayegongewa mlango.

Je, wajua kwamba mmoja wa matabibu waliotumikia ziwa hili kwa muda mrefu kuliko wote alikuwa mtu wa Mali? Adrien Atiman alitekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomea utabibu Malta, na akafika Karema mwaka 1889. Alioa mwanamke wa huku huku, mwanawe mmoja akawa padri, na Karema hakuiacha mpaka alipofariki mwaka 1956.

Je, wajua kwamba mwaka 1960 wavuvi wa Gombe, kando ya ziwa hili, walipata kliniki kutoka kwa mama wa mtafiti wa sokwe? Wakuu wa kikoloni walikataa Jane Goodall akae porini peke yake, basi mama yake, Vanne, akaja naye. Hakuwa nesi, lakini aliwasafisha wavuvi vidonda kwa maji ya chumvi na kuwagawia dawa ndogondogo. Baadaye Jane mwenyewe aliolewa na mpigapicha Hugo van Lawick, aliyetumwa Gombe kumpiga picha.

Tukitoka kidogo ziwani, je, wajua kwamba nesi Katharine Timpson na daktari Albert Cook walikuja Uganda katika msafara mmoja? Waliondoka Mombasa mwaka 1896, reli ndiyo kwanza inaanza kujengwa, wakafika Mengo Februari 1897. Walioana mwaka 1900. Katharine ndiye aliyeanzisha mafunzo ya wakunga pale Mengo.

Je, wajua kwamba Florence Nightingale hakuolewa kabisa? Alimkataa Richard Monckton Milnes aliyemposa kwa miaka. Na huko Uingereza, kwa miongo mingi baada yake, nesi aliyeolewa alitarajiwa kuacha kazi. Fikiria zahanati zetu zingebaki na nani.

Je, wajua kwamba viongozi watatu wakubwa wa chama cha ANC cha Afrika Kusini waliingia katika harakati wakiwa wameoa manesi, au waliwaoa wakiwa humo? Walter Sisulu, aliyekuwa dalali wa nyumba na viwanja, alimwoa Albertina mwaka 1944. Nyumbani kwa Sisulu ndiko Nelson Mandela alikokutana na Evelyn Mase, mwanafunzi wa uuguzi, wakaoana mwaka huohuo. Oliver Tambo alimwoa Adelaide, nesi pia, Desemba 1956. Waume walipokuwa masomoni, mikutanoni au gerezani, mishahara ya wodini ilishika nyumba.

Na Albertina huyo anatuhusu Watanzania. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, wauguzi wengi wa Kiingereza waliondoka, na serikali ikaomba msaada kwa ANC. Wauguzi 20 Waafrika walitoka Afrika Kusini kuja kuziba pengo, Albertina akiwa miongoni mwa waliowatafuta na kuwaandaa. Kuja kwao kulimaanisha kuwaacha ndugu, wazazi na wapenzi kwa muda ambao hawakuujua.

Je, wajua kwamba maadili ya kazi hayamruhusu nesi kuanzisha mapenzi na mgonjwa anayemhudumia? Ndugu wa mgonjwa anayeleta uji kila asubuhi ni habari nyingine.

Je, wajua kwamba chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971 watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kutambulika kuwa mume na mke huchukuliwa kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo? Lakini dhana hiyo haina cheti cha kuambatisha. Nesi wa Buhingu, kijiji cha mwambao, ambaye mumewe ni mwalimu Kibondo, akitaka kuhama kumfuata mwenza, ataulizwa cheti cha ndoa. Siku hizi maombi hupitia mfumo wa mtandaoni wa watumishi, ESS, na wengi huhangaika kwanza kumtafuta mtumishi wa kubadilishana naye kituo, kwa sababu mwajiri hataki zahanati ibaki bila mkunga.

Hapo pana haki mbili zinazogongana, na zote ni za kweli. Mtoto wa mwalimu yule anamjua mama yake kwa simu. Mjamzito wa Buhingu naye hana mkunga mwingine. Kibondo haikosi manesi wa kubadilishana, ila nadra kupatikana anayetaka kupelekwa ziwani. Buhingu nako kuna shule ya msingi, na shule za mwambao zina upungufu wa walimu ule ule tunaousikia kila mwaka. Barua ya uhamisho inayotakiwa ni ya mwalimu.