Ulimi wa Muuguzi Mbele ya Mauti

Apitaye Mtaa wa Biashara, Mombasa, huzisoma leso kabla ya kuuliza bei. Zimetundikwa milangoni, kila moja na jina lake. Inasimuliwa kwamba mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Abdulla, ndiye aliyeeneza mwanzoni mwa karne ya 20 mtindo wa kuandika misemo ya Kiswahili juu ya vitambaa hivyo. Tangu hapo leso imekuwa ulimi wa anayeona haya au uchungu kutamka.

Hapo ndipo nilipokutana na binti mmoja aliyehitimu uuguzi hivi karibuni. Alikuwa akitafuta leso ya kumpelekea mama aliyefiwa na baba yake katika wodi anayoihudumia.

"Mwalimu," alinieleza, "usiku ule mzee aliniuliza, 'Mwanangu, ndiyo naondoka?' Nikamjibu, 'Usiseme hivyo, mzee, utapona.' Nikarekebisha dripu, nikatoka. Alifariki kabla ya alfajiri. Ningalimjibu ipasavyo, ningalimwita bintiye, naye angalimtamkisha shahada."

Je, tumlaumu? La hasha. Chuoni alifunzwa kupima mapigo ya moyo, kuchoma sindano na kujaza fomu, tena kwa Kiingereza. Mzee alimwuliza kwa Kiswahili jambo ambalo hakuna aliyemfunza kulijibu katika lugha yoyote.

Ilhali lugha yetu si maskini katika uwanja huu. Twasema mtu amefariki, ameaga dunia, ametangulia mbele ya haki. Na kwa ukali zaidi, amekata roho. Haya si mapambo tu. Kufariki asili yake ni kutengana. Kuaga ni tendo la msafiri ajuaye kwamba anaondoka. Maadamu kufa ni kuaga, basi anayemwambia mahututi "utapona" ilhali anajua sivyo, amempokonya nafasi ya kuaga. Deni halikulipwa, wasia haukutolewa, mtoto hakuitwa.

Sisemi kwamba muuguzi asimame kitandani kama hakimu asomaye hukumu. Kumweleza mgonjwa maradhi yake kuna taratibu zake, na daktari ana sehemu yake. Lakini kati ya uongo na hukumu pana njia pana. Muuguzi aweza kuvuta kiti, akaketi, akauliza: "Mzee, mwenyewe waonaje hali yako? Kuna umtakaye aje?" Kisha anyamaze, asikilize. Maneno mema hutoa nyoka pangoni, na kimya chenye masikio nacho ni maneno.

Fikira hii si ngeni duniani. Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari, alifungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967, akifundisha kwamba maumivu ya anayekufa si ya mwili pekee: yapo ya nafsi, ya roho na ya jamaa. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Nchini Uganda, Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na kufikia mwaka 2004 sheria ya huko iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandikia wagonjwa mofini. Wenzetu wa Tanzania huiita huduma hii tiba shufaa, jina linalodokeza uombezi.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza. Basi na kiingie darasa la uuguzi. Wanafunzi na wafanye mazoezi ya mazungumzo hayo, mmoja akiwa mgonjwa, mwingine muuguzi. Wa kutoka bara na wajue kwamba jamaa Mwislamu hutaka kumwelekeza mgonjwa wao kibla; wa pwani nao wajue Mkristo amtakaye kasisi wake. Muuguzi mpya asiachwe peke yake na kifo chake cha kwanza. Awe na mkongwe kando yake, na baadaye apewe faragha ya kulia. Machozi hayapunguzi ujuzi.

Binti yule alipekua leso nyingi siku hiyo. Zilisema mapenzi, kijicho na subira. Hakupata iliyosema alichokitaka. Walimu wenzangu, hilo si kosa la wenye maduka. Baadhi ya maneno sharti yatoke kinywani, na kwa wakati wake. Kazi ya kuyafundisha ni yetu.